Jengo la 1908, mpangaji mwenye mtoto wa miaka 3: rangi ya risasi kabla hamjatia sahihi

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Lowell, Massachusetts. Tumepata nyumba ya fleti tatu iliyojengwa mwaka 1908. Tunataka kukaa ghorofa ya chini na kupangisha mbili za juu. Ya katikati tayari ina mpangaji mwenye mtoto wa miaka 3. Wakala anasema nyumba zote za hapa zina rangi yenye risasi (madini ya sumu, lead), tusihangaike, tutapaka rangi mpya. Muuzaji anasema hajui lolote. Je, tuendelee? Na tukinunua, sheria inatudai nini?

JIBU: Dada, mnaweza kuendelea, ila kwa masharti mawili. La kwanza, mkaguzi wa risasi mwenye leseni ya jimbo aingie kabla mkataba wa mauziano haujatiwa sahihi. La pili, mtu yeyote asikwangue, asipige msasa wala kung'oa dirisha hata moja kabla ripoti ya mkaguzi huyo haijawafikia mkononi. Mkiyashika hayo, yaliyobaki ni hesabu na kalenda. Mkiyakosea, mtoto wa fleti ya katikati anaweza kuumia akili maisha yake yote, nanyi mkadaiwa fidia bila mahakama kuuliza kama mlizembea.

Kwanza tuondoe hilo la kupaka rangi mpya. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Jengo la 1908 limeishi miaka 70 kabla ya marufuku hiyo, na wakati huo rangi nzuri ya mbao ilikuwa ile iliyojaa risasi nyeupe, kwa sababu ilifunika vizuri na kustahimili theluji. Kisheria rangi huhesabiwa kuwa ya risasi ikiwa na miligramu 1.0 au zaidi kwa kila sentimita mraba, au asilimia 0.5 ya uzito. Rangi inayouzwa dukani leo hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.009. Ukipaka hii mpya juu ya ile ya zamani, ile ya zamani bado ipo palepale, na pale panapoumiza zaidi koti jipya halidumu.

Hapo panapoumiza ni dirishani. Nenda kaangalie dirisha moja la mbao la nyumba hiyo, lile la kusukuma juu na kushusha. Pandisha fremu ya chini, kisha tazama ule mfereji ulio kati ya kizingiti cha ndani na wavu wa nje. Karibu kila mara utakuta magamba ya rangi yaliyokauka, vumbi la kijivu na nzi waliokufa. Kila dirisha likifunguliwa, mbao mbili zilizopakwa rangi zinasagana kama jiwe la kusagia, na unga unaotoka huangukia mferejini na kwenye kizingiti. Mtoto wa miaka 3 kimo chake ndicho kimo cha kizingiti hicho. Husimama hapo akitazama theluji, mikono imeegemea, kisha vidole vinaingia mdomoni. Hahitaji kula gamba la rangi. Vumbi tu linatosha, nalo halionekani kwa macho. Milango inayokwaruza fremu, ngazi na sakafu za baraza za nyuma zinafanya kazi hiyo hiyo.

Ndiyo maana kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, tangu 2021 kinataka hatua zichukuliwe mtoto akifikisha mikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita ya damu, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Massachusetts watoto hupimwa kati ya miezi 9 na 12, kisha wakiwa na miaka 2 na 3, na katika miji yenye hatari kubwa tena wakiwa na miaka 4. Watoto wa wakimbizi, wakiwemo wengi wanaotoka Kongo na Burundi, CDC inashauri wapimwe mara wanapofika na wadogo warudiwe baada ya miezi 3 hadi 6, kwa sababu wengi huingia nchini wakiwa salama halafu risasi ikawapata katika fleti za zamani za hapa. Kwa hiyo msidhani jambo hili litajificha. Damu ya mtoto ndiyo hupiga kengele, na ikifikia 10 jimbo linamleta mkaguzi wake na kutoa amri. Wakati huo uchaguzi wenu wa namna na muda wa kufanya kazi unakuwa umebanwa sana.

Sasa sheria. Zipo mbili, na watu huzichanganya.

Ya shirikisho ni ya mwaka 1992, nayo ilianza kutekelezwa kwenye mauzo na upangishaji mwaka 1996. Inamtaka muuzaji wa nyumba ya kabla ya 1978 aseme anachokijua kuhusu risasi, akupe ripoti zote alizo nazo, akupe kijitabu cha EPA, shirika la mazingira la Marekani, na akuachie siku 10 za kuleta mkaguzi wako kabla mkataba haujakufunga. Haimlazimishi kupima wala kuondoa chochote. Akisema "sijui" na ni kweli hajui, hajavunja sheria. Akiwa anajua na akaficha, anaweza kudaiwa mara 3 ya hasara yenu. Zile siku 10 mnunuzi anaweza kuzisamehe kwa maandishi, na kwenye mashindano ya ofa mawakala husukuma karatasi hiyo pamoja na nyingine ili itiwe sahihi haraka. Msiisamehe. Ni haki mliyopewa bure.

Ya Massachusetts ni ya 1971 na ndiyo kali. Nyumba ya kabla ya 1978 ikikaliwa na mtoto wa chini ya miaka 6, mwenye nyumba anawajibika kuondoa au kudhibiti hatari ya risasi katika fleti hiyo, kwenye njia na ngazi za pamoja, na nje ya jengo. Haijalishi kama mtoto ni wa mpangaji au ni wenu. Kama nanyi mna mdogo, au mnamtarajia, fleti yenu ya chini imo humo humo. Mtoto akidhurika kwa sababu mwenye nyumba hakutimiza hilo, mwenye nyumba anawajibika moja kwa moja. Utetezi wa "sikujua" haumsaidii.

Mnunuzi mpya hupewa siku 90 tangu siku umiliki unapohamia kwake. Mkikabidhiwa hati tarehe 1 Juni, siku ya 90 ni tarehe 30 Agosti. Ndani ya muda huo mnatakiwa muwe na moja ya karatasi mbili. Ya kwanza huitwa Letter of Full Compliance, barua ya utimilifu, maana yake hatari zote ambazo sheria inazitaja zimeshughulikiwa. Ya pili ni Letter of Interim Control, barua ya udhibiti wa muda: hatari za dharura zimedhibitiwa, na mnapewa mwaka 1, unaoweza kurudiwa kwa mwaka 1 mwingine tu, kisha lazima mfike kwenye ile ya kwanza. Zote mbili hutolewa na mkaguzi mwenye leseni, na hii ya pili lazima awe na leseni ya ziada ya kutathmini hatari. Mkandarasi hawezi kukupa, wala risiti ya duka la rangi si mbadala wake.

Siku 90 zinasikika nyingi. Ukitoa muda wa kupata mkaguzi, kupata bei, kutengenezewa madirisha kwa vipimo na kurudi kukaguliwa, zinaisha. Ndiyo sababu ukaguzi ufanyike kabla ya kununua, siyo baada.

Basi anzeni hivi, wiki hii. Idara ya afya ya jimbo ina mpango wa kuzuia sumu ya risasi kwa watoto, unaojulikana kwa kifupi kama CLPPP, na una hifadhidata mtandaoni ambamo unaandika anwani na kuona kama nyumba iliwahi kukaguliwa. Tafuteni kila fleti kwa namba yake. Mnaweza kukuta ripoti ya zamani, amri ambayo haikutekelezwa, au pengine barua ya utimilifu kwa fleti moja, na hapo "sijui" ya muuzaji itakuwa imepata jibu. Muulizeni pia mpangaji kwa upole kama alishapewa karatasi za risasi. Mwenye nyumba alitakiwa kumpa kabla hajapanga.

Kisha kwenye ofa yenu wakili aandike sharti la ukaguzi wa risasi, tofauti na ukaguzi wa kawaida wa nyumba. Mkaguzi wa kawaida hapimi risasi. Huyu wa risasi huja na mashine ya XRF, kifaa cha kushika mkononi kinachobonyezwa ukutani na kusoma tabaka zote za rangi bila kuzikwangua. Ukaguzi kamili wa fleti moja huchukua saa kadhaa na gharama yake ni mamia ya dola. Ombeni bei ya fleti zote tatu, ngazi za pamoja, mabaraza na nje kwa pamoja. Kama fedha haitoshi, anzeni na fleti yenye mtoto pamoja na sehemu za pamoja, lakini mjue kwamba mnakisia zile nyingine mbili. Vile vijiti vya kupimia vinavyouzwa madukani havikubaliki kwa barua yoyote.

Kuna jambo wakala atawanong'oneza: mkikagua mkakuta risasi, sasa mnajua, na mtalazimika kuwaambia wapangaji na mnunuzi wa baadaye. Ni kweli mtalazimika. Lakini wajibu wenu kwa mtoto yule upo hata msipokagua, kwa hiyo kutojua hakuwapunguzii hata senti moja ya dhima. Kunawanyima tu nafasi ya kujadiliana bei.

Ripoti ikija, ijifunzeni kuisoma. Kila chumba kina pande nne: A ni upande unaotazama barabara, kisha B, C na D kwa kufuata mwendo wa saa. Kila kipande kina mstari wake, yaani fremu ya mlango, kizingiti, ubao wa chini ya ukuta, kabati, radieta, na mbele yake kuna kipimo na hali ya rangi, kama imelegea au imeshikilia. Hapa ndipo watu wengi hushtuka bure. Ukurasa umejaa risasi, lakini ukuta wenye risasi ambao rangi yake imeshikilia vizuri mara nyingi haudai kazi. Vinavyodai kazi ni rangi iliyolegea popote, madirisha yanayosagana, na sehemu ambazo mtoto hufikia kwa mdomo, kama vizingiti. Mwombeni mkaguzi aketi nanyi nusu saa aonyeshe mistari inayohitaji kazi, kisha hiyo tu ndiyo mpelekee mkandarasi awape bei. Hesabuni madirisha wenyewe: fleti moja ya nyumba za namna hii inaweza kuwa na 12 au zaidi, kwa tatu ni 36 na ya ngazini hujayataja. Kwa kawaida hapo ndipo bei kubwa iliko.

Bei hiyo ya maandishi ndiyo mnayorudi nayo kwa muuzaji. Ombeni apunguze bei ya nyumba, au akubali sehemu ya fedha ishikiliwe na wakili baada ya kukabidhiana mpaka barua ipatikane. Akikataa yote mawili na hesabu zenu hazibebi gharama, ondokeni kabla ya mkataba. Hapo ndipo ningeondoka mimi pia, hata kama mtaa ni mzuri.

Nani afanye kazi? Massachusetts imegawa kazi kwa kadiri ya vumbi linalotoka. Zenye hatari ndogo, kama kufunika ubao kwa mbao au jipsamu, kung'oa mlango kwenye bawaba zake, kufunika nje kwa vinaili, au kupaka ile rangi nzito inayofungia risasi chini yake, mwenye nyumba anaweza kuzifanya mwenyewe akishasoma kitabu cha jimbo, akafanya mtihani na kupewa idhini. Za hatari ya kati, kama kutoa madirisha na mbao, zinadai mafunzo zaidi. Kukwangua rangi na kubomoa ni kazi ya mwondoaji mwenye leseni peke yake. Mpangilio ambao mara nyingi huokoa fedha ni huu: mwenye leseni anafanya madirisha na rangi yote iliyolegea, ninyi mnafanya kufunika, na mkaguzi anarudi mwisho. Kuhusu rangi ya kufungia niwatahadharishe. Lazima ijaribiwe kwanza kwa kipande kidogo kinachochanjwa alama ya X, kuona kama tabaka za chini zimeshikana. Tabaka zikiachana, hiyo rangi nzito itabanduka na kushuka na kila kilicho chini yake. Wala haifai kamwe kwenye sehemu zinazosagana.

Wakati wa kazi zenye vumbi jingi wapangaji hawaruhusiwi kuwemo, na hawarudi mpaka mkaguzi apime vumbi na kuwaruhusu. Ninyi ndio mnaowatafutia na kuwagharimia mahali pa kukaa panapofaa, nao wanaendelea kulipa kodi yao. Wekeni hilo kwenye bajeti tangu mwanzo. Wanaokwenda kupima vumbi hupangusa sakafu, kizingiti na mfereji wa dirisha kwa vitambaa na kuvipeleka maabara. Kanuni ya EPA ya Oktoba 2024 imevishusha viwango vya shirikisho vya kumaliza kazi hadi mikrogramu 5 kwa futi mraba sakafuni, 40 kizingitini na 100 kwenye mfereji. Hicho 5 ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Kufagia hakufikishi hapo. Kinachofikisha ni mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi jembamba sana, kisha kupangusa kwa maji na sabuni ukibadilisha maji mara kwa mara, kisha kufyonza tena.

Sasa makosa yanayorudiwa. La kwanza ni lile la fundi wa ndugu anayekuja Jumamosi na mashine ya msasa. Chumba kimoja kikipigwa msasa bila kufungwa, vumbi linaenea nyumba nzima, na mtoto ambaye hakuwa na shida jana anaweza kulazwa mwezi ujao. Mashine ya msasa isiyo na HEPA, kuchoma rangi kwa moto, na bunduki ya joto inayozidi nyuzi 1,100 za Fahrenheit vimepigwa marufuku na kanuni ya shirikisho ya ukarabati inayotumika tangu Aprili 2010. Kanuni hiyo inagusa ukarabati wa kawaida pia: ukiharibu zaidi ya futi mraba 6 za rangi katika chumba, au 20 nje, au ukibadilisha dirisha lolote, lazima kazi ifanywe na aliyethibitishwa, nailoni itandazwe futi 6 kuzunguka kazi ndani na futi 10 nje, na kumbukumbu zitunzwe miaka 3. Mwenye nyumba anayejitengenezea fleti ya kupangisha hajasamehewa.

La pili ni kudhani kwamba kufuata kanuni hiyo ya ukarabati kunaleta barua. Hakuleti. Ni kanuni ya kufanya kazi bila kumwaga vumbi. Barua hutokana na ukaguzi, idhini na ukaguzi wa mwisho.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu hufanywa na watu wenye nia njema: kubadilisha madirisha yote mara tu wanapopewa funguo, ndipo wamwite mkaguzi. Kuondoa risasi bila idhini kunaweza kuwazuia kupata barua kwa njia ya kawaida na kuwanyima nafuu ya kodi ya mapato, ingawa fedha mmeshatumia.

Kuhusu fedha zenyewe. Tangu mwaka wa kodi 2023 jimbo linarudisha hadi dola 3,000 kwa kila fleti iliyofikia utimilifu kamili, na hadi 1,000 kwa udhibiti wa muda, kama punguzo la kodi ya mapato. Kwa fleti zenu tatu ni hadi 9,000, mradi mmetumia kiasi hicho, na kisichotumika mwaka mmoja kinaweza kusogezwa hadi miaka 7 mbele. Tunzeni ankara zikionyesha fleti kwa fleti. MassHousing, shirika la jimbo la mikopo ya nyumba, ina mkopo uitwao Get the Lead Out, na kwa mwenye nyumba anayeishi humo na kutimiza masharti ya kipato hauna riba, wala haulipwi mpaka auze nyumba au abadilishe mkopo wake mkuu. Kwa kuwa mtakaa ghorofa ya chini, ulizeni huo mapema, kwani maombi yana hatua zake na siku 90 haziwasubiri. Muulizeni pia wakala wa bima kwa maandishi kama bima ya jengo inafunika madai ya risasi, kwani nyingi haziyafuniki.

Nije kwa mama mpangaji. Huenda mtu akawashauri mumtoe ili fleti iwe "bila mtoto". Msithubutu. Kumfukuza, kutomwongezea mkataba au kukataa kumpangisha mtu kwa sababu ana mtoto na nyumba ina risasi ni ubaguzi uliokatazwa na sheria ya jimbo. Hata tangazo la "haifai kwa watoto" linaweza kuwafikisha kwenye tume ya jimbo ya kupinga ubaguzi. Mpangaji mpya mwenye mtoto akija, mnaweza kuchelewesha kuanza kwa upangaji hadi siku 30 ili kazi ifanyike, basi. Huyu wa sasa mweleze kwa lugha anayoielewa, mpe nakala ya ripoti na ile fomu ya jimbo ya taarifa kwa wapangaji, mtie sahihi nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Mwambie pia ampeleke mtoto kupimwa damu sasa, kabla kazi haijaanza. Ni kwa faida ya mtoto kwanza, na pia mtajua hali yake ilikuwaje mlipoingia. Wakati mnasubiri mafundi, madirisha ya chumba anacholala mtoto yafungwe yasifunguliwe kutoka chini, vizingiti vipanguswe kwa kitambaa chenye maji kila wiki, na kitanda kisogezwe mbali na dirisha.

Barua ikishapatikana, rangi lazima ibaki imeshikilia. Bomba likivuja ghorofa ya tatu na dari ya chini ikavimba, barua inabaki kwenye faili lakini ulinzi wake unategemea mrekebishe. Mara mbili kwa mwaka, hasa baada ya majira ya baridi, zungukeni na ripoti mkononi, mstari kwa mstari.

Na jambo moja ambalo halimo kwenye barua: uani. Rangi ya nje imekuwa ikidondoka kwa zaidi ya miaka 100 kwenye ule ukanda wa udongo ulio chini ya kuta, na hapo ndipo wengi wetu hupanda sukuma wiki na managu kwa sababu jua linapiga vizuri. Msipande hapo. Pelekeni udongo maabara ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, wanapima risasi kwa ada ndogo. Chukueni sampuli mbili tofauti, moja ya karibu na ukuta na nyingine ya katikati ya uwanja. Ukanda wa ukutani ufunikeni kwa nailoni ya bustani na kokoto au vipande vya mbao, na mboga zikae kwenye masanduku yaliyoinuliwa, yenye udongo wa kununua, futi kadhaa kutoka kwenye nyumba.